Mguno Uliokuwa Chini ya Mlio

Jirani yetu Tuda anasema Bassu alikufa amelala. Anasema siku ile yeye alikuwa anashuka kutoka Timahdit kwenye gari la mizigo la shemeji yake, amekaa mbele na kuku wawili mapajani, na walipofika kona ya chemchemi wakaikuta teksi ya Bassu inapanda tupu. Anasema alimwona wazi kabisa, kidevu kifuani, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Barabara ikapinda, teksi haikupinda. Ikaenda moja kwa moja kama punda aliyeona nyumbani, ikagonga mwerezi, na Bassu akakata roho kabla kuku hawajaacha kupiga kelele.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusimulia. Mara ya pili, akiwa jikoni kwetu, alisema alimsikia hata akikoroma.

"We Tuda," Mama akamwambia, "ulimsikiaje akikoroma, vioo vimefungwa na injini mbili zinanguruma?"

"Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwepo?"

Mama akanyamaza, akaendelea kukanda unga wa mkate. Mimi pia nilinyamaza, lakini kunyamaza kwangu hakukuwa kama kwa Mama.

Askari wa barabarani nao waliandika kwamba dereva alisinzia, na mji mzima wa Azrou ukaridhika. Usingizi ni kitu rahisi, kila mtu anaujua. Isipokuwa ndani ya nyumba ya Bassu mwenyewe, ambako usingizi ule ulitafutiwa wa kulaumiwa, na aliyepatikana ni mke wake Izza. Usiku wa kuamkia siku ile mtoto wao alikuwa anaota meno, akalia mpaka alfajiri. Bassu ndiye aliyembeba, akizunguka naye chumbani. Mama yake Bassu, Bibi Yamna, akawaambia waliokuja kuhani, mbele ya Izza, kwamba mwanawe alikeshwa na mwanamke asiyejua kumlaza mtoto wake. Tangu hapo hapokei hata chai kutoka mkononi mwa Izza.

Mimi naijua teksi ile. Baba yangu, Fundi Haddu, ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuishika kabla haijapanda mlima. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Niliacha shule darasa la sita. Nikaanza kumpelekea Baba chai gereji, halafu nikawa nakaa, halafu ikawa ndiyo kazi yangu. Ni kwa sababu ya chai nilijua masikio yake yamekwenda. Siku moja birika lilichemka mpaka likakauka nyuma ya mgongo wake, kifuniko kinarukaruka, na yeye anaendelea kuchonga chuma kwa tupa. Miaka thelathini ya kupiga nyundo mabati imemla masikio kidogo kidogo. Ukimtazama usoni ukasema, anakujibu kama mtu mzima wa masikio, maana anasoma midomo. Ukigeuka, umemwacha peke yake.

Lakini fundi wa magari ni masikio. Watu wanatoka hata Ifran kuja kwake kwa sababu walimjua enzi zile aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho, akakwambia ugonjwa uko wapi. Bado anafanya hivyo. Anafumba macho kama zamani. Ila hasikii kitu, na anayesikiliza ni mimi.

Hatukuwahi kukaa tukapanga. Ilianza yenyewe. Mimi naingia kwenye kiti cha dereva kwa sababu lazima mtu azungushe usukani, na Baba yuko mbele chini ya boneti iliyoinuliwa. Nikisikia, naweka vidole kwenye kioo cha mbele. Kidole kimoja ni mkanda. Viwili ni pampu. Vitatu ni viungo vya magurudumu. Ngumi maana yake kila kitu kizuri. Yeye anatoa bisibisi sikioni, anafuta mkono, anamwambia mwenye gari: "Pampu." Na mwenye gari anatikisa kichwa, anasema, "Haddu, Mungu akuhifadhie hayo masikio."

Siku ile ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi na mbili, theluji imekwama pembeni mwa ukuta kama sabuni chafu. Teksi ya Bassu tuliisikia kabla hatujaiona. Kila alipokata kona ilipiga mlio mkali wa mkanda, ule mlio wa nguruwe anayekamatwa. Madereva watatu wa kituo cha teksi walikuwa wanaota jua mlangoni kwetu wakinywa chai. Mmoja wao alikuwa Mimun, mtu mwenye macho ya kutafuta.

"Bassu!" Mimun akapiga kelele. "Hilo gari linalia kama mke mkubwa aliyesikia habari za mke mdogo!"

"Afadhali langu linalia," Bassu akajibu, anatema maganda ya mbegu za alizeti dirishani. "Lako lilishakufa, unalisukuma tu kwa heshima." Akamgeukia Baba. "Ami Haddu, nifanyie haraka, nakubusu kichwa. Zamu yangu kituoni imefika na watu wa Timahdit wananisubiri kule juu. Nikichelewa, Mimun huyu atanichukulia."

"Nitakuchukulia hata usipochelewa," akasema Mimun.

Bassu hakushuka. Dereva wa teksi ambaye zamu yake imefika hashuki kwenye kiti chake. Basi sikuweza kukaa nyuma ya usukani. Nikasimama pembeni, karibu na taa ya kulia. Baba akafungua boneti, akabonyeza mkanda wa pampu ya usukani kwa kidole gumba, ukaingia ndani kama tumbo la mbuzi. Umelegea. Hilo halihitaji masikio. Akachukua spana, akalegeza nati mbili, akaivuta pampu kwa chuma, akakaza.

"Zungusha," akamwambia Bassu.

Bassu akazungusha usukani kwa kiganja kimoja, kama alivyozoea. Mkono wa pili ulikuwa na mbegu. Kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Mlio ulikuwa umekwisha.

Na chini ya mlio ule, sasa kwa kuwa haupo, nikausikia mguno.

Ulikuwa mguno wa chini, mzito, unaopanda usukani ukifika mwisho. Mguno wa pampu inayonyonya hewa badala ya mafuta. Majira ya baridi huku kwetu magari yote huguna asubuhi, mafuta yakiwa mazito, na madereva wamezoea. Wanasema gari linaamka. Lakini hii ilikuwa saa sita mchana na injini ya Bassu ilikuwa ya moto.

Baba akaweka bisibisi, akafumba macho, akafumbua, akanitazama.

Mimun naye alikuwa ananitazama. Siyo usoni. Alikuwa anautazama mkono wangu ulioshika ukingo wa boneti. Wiki mbili kabla, alikuwa amemwita Baba kutoka nyuma mara tatu, Baba hakugeuka, na Mimun akacheka: "Fundi, siku hizi unasikia kwa miadi?" Tangu hapo alikuwa anakuja kuota jua kwetu kila siku, ingawa jua la kituoni ni zuri zaidi.

Nilifikiria hivi, na nilifikiria upesi: nikitoa vidole viwili, Baba atafungua pampu, Bassu atakosa zamu yake, na Mimun atajua. Akijua Mimun, kituo kizima kimejua kabla ya alasiri. Nani atamletea gari fundi kiziwi anayeambiwa na binti yake? Na nikajiambia, labda ni baridi. Kesho Bassu atarudi, hana pengine pa kwenda, nitamwambia Baba usiku huu tuifungue.

Nikafumba mkono.

"Nenda," Baba akamwambia Bassu. "Umepona."

Bassu akapiga honi mara mbili, akaondoka. Saa nane Tuda akashuka na kuku wake na habari.

Siku kumi na sita baadaye lori likaileta teksi ile gereji kwetu. Akki, kaka yake Bassu, alitaka irudi barabarani, kwa maana kibali cha teksi bila gari hakilishi mtu, na mjane na mtoto wanakula. Mabati ya mbele yalikuwa yameshanyooshwa kwa fundi mwingine, rejeta imebadilishwa. Yalibaki mambo ya ndani.

"Usukani mgumu, Ami Haddu," Akki akasema. "Nadhani ni lile pigo la mti. Wewe utajua. Bassu alikuamini, na sisi tunakuamini."

Baba akaweka mkono kifuani. Akki alipoondoka, Baba akafunga mlango wa bati mchana, jambo ambalo halifanyi, akawasha taa ya kuning'iniza.

Mkanda ulikuwa umekatika. Hilo halikumshangaza mtu, mti unaweza kukata mkanda. Lakini Baba alipojaribu kuizungusha pampu kwa mkono, haikuzunguka. Akashika kwa mikono miwili. Haikuzunguka. Akainama, akapitisha kidole chini ya mpira wa kurudishia mafuta, akanionyesha ufa mdogo, wa zamani, uliojaa vumbi na oili iliyoganda. Mafuta yalikuwa yanavuja pale kwa wiki nyingi, tone kwa tone.

Akaitoa pampu, akaifungua juu ya benchi. Mafuta kidogo yaliyobaki yalikuwa meusi. Ndani, vile vipande vinavyozunguka vilikuwa vimeungua, rangi ya bluu kama kucha iliyobanwa, vimeshikana na ganda lake.

"Mti haukufanya hivi," Baba akasema. Anasema kwa sauti kubwa siku hizi, bila kujua. "Hii imekauka siku nyingi. Imekuwa ikikwama, na mkanda ukiwa umelegea, unateleza juu yake. Ndiyo ule mlio." Nilimwona anaifuata njia mpaka mwisho. "Mimi nikaukaza. Mkanda ukashika. Pampu ilipokwama pale konani, hakuna kilichoteleza. Ukakatika. Usukani ukawa mzito ghafla mkononi mwake."

Mkononi mwake, mmoja. Kwa mikono miwili mtu anaweza kuuvuta usukani mzito. Kwa kiganja hawezi.

Akanigeukia. "Pampu ya hivi inaguna, Itto. Lazima ilikuwa inaguna."

Nikatazama sakafu.

"Usiiname. Sikuoni midomo."

Nikainua uso. Mtu mwingine angeweza kukiri ameinama, au amegeukia ukuta. Mimi ilibidi nimtazame machoni na niseme polepole, nifungue midomo vizuri, ili kila neno alione.

"Niliusikia, Baba."

"Ulinipa ngumi."

"Mimun alikuwa anautazama mkono wangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi juu ya tairi, pampu iko mapajani, akaanza kuifuta kwa kitambaa, akaifuta ikang'aa nje, pampu iliyokufa ambayo hakuna atakayeifunga tena popote. Halafu akasema, "Ulifunga mkono kwa ajili yangu." Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu sana.

Siku tatu tuliitengeneza teksi ya Bassu. Baba alipata pampu kutoka kwenye gari lililokatwa vyuma, akaifungua kwanza, akaikagua kipande kwa kipande. Akaweka mpira mpya, mkanda mpya. Akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akamwaga mafuta mapya kwenye kikopo cha pampu, akaniambia niingie.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti kile. Mbegu za alizeti zilikuwa zimejaa kwenye ufa wa kiti. Nilizungusha usukani injini ikiwa imezimwa, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, tena na tena, taratibu, ili hewa itoke. Baba ameinama juu ya kikopo anatazama mapovu. Akiona yanapungua, anaongeza mafuta. Kazi hii haitaki masikio, inataka macho na subira, na yeye macho anayo. Mikono iliniuma mpaka mabegani. Bila injini usukani ule ni mzito kama kuvuta ndoo kisimani, na kila nilipofika mwisho niliona kona ya chemchemi.

Baadaye tukawasha. Mguno mdogo, dakika mbili hivi, hewa ya mwisho inatoka. Halafu kimya. Nilizungusha tena mara kumi. Kimya kizuri, laini, cha usukani mzima. Baba alikuwa ananingoja mbele ya kioo.

Sikuweka kitu kwenye kioo. Niliteremka, nikaenda mbele yake, nikasema kwa mdomo: "Imepona, Baba. Hakika."

Akaitikia kwa kichwa. Wakati tunafunga mlango akasema, "Kesho nenda na Mama yako kwa Izza. Mwambie gari liko tayari. Mwambie hilo. Basi."

"Na wanayosema juu yake?"

Alikuwa ameshageuka kufunga kufuli. Sijui kama aliniona midomo.

Mama hakwenda, mguu ulikuwa umemvimba. Nilikwenda peke yangu baada ya sala ya adhuhuri, na bonge la sukari lililofungwa karatasi ya bluu, kama inavyopasa kupeleka kwenye nyumba ya msiba. Izza alinifungulia mwenyewe. Amevaa nguo nyeupe za eda mpaka soksi, mtoto mgongoni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minne tu. Zamani alikuwa anacheka kwa sauti mpaka wanawake kwenye hamamu, bafu la wote, wanamrushia maji.

"Karibu, mdogo wangu. Ingia, baridi."

Tuliketi karibu na jiko la kuni. Kutoka jikoni nilisikia vyombo, nikajua Bibi Yamna yuko. Nilisema niliyotumwa. Gari liko tayari. Akki aje alichukue.

"Mungu amlipe baba yako." Akamtoa mtoto mgongoni, akamlaza mapajani. Mtoto alikuwa na meno mawili chini, meupe, makali. "Unaona? Yalitoka siku ya tatu ya msiba. Sasa analala usiku kucha." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma karatasi ya mwingine.

Nikasema mtoto ni mzuri, Mungu amkuze.

"Itto." Akasogea. Akateremsha sauti. "Mimi nimeuhesabu usiku ule. Nimeuhesabu wote. Bassu alilala baada ya swala ya alfajiri mpaka saa nne asubuhi. Nilifunga dirisha, nikamtoa mtoto chumbani, nikamwacha Bassu alale. Aliamka anaimba. Mtu aliyeamka anaimba atalala vipi saa saba mchana, mlimani, na theluji inamulika macho?"

Nikalisogeza bonge la sukari karibu naye.

"Nimemwambia mama mkwe. Anasema naongopea maiti. Anasema Tuda alimwona." Akaufunika mguu wa mtoto kwa shuka. "Usiku nakaa nafikiri, labda kweli mimi. Labda ile saa nzima aliyombeba mtoto, nilikuwa macho na sikuinuka. Nilikuwa macho, Itto. Nilijifanya nimelala, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa anamwimbia, na ilikuwa inapendeza. Hilo sijamwambia mtu."

Kuni zikalia ndani ya jiko. Nilitaka kumshika mkono, mkono wangu ukakataa kuinuka.

"Wewe ulikuwepo pale gereji," akasema. "Kila mtu anajua unakaa pale, na una masikio ya paka. Baba yako mtu mzima, ana heshima yake, siwezi kumuuliza, na mimi siruhusiwi kutoka. Lakini wewe ulikiona kile chombo kinaondoka. Na sasa mmekifungua chote mkakifunga. Kama kulikuwa na kitu, hata kidogo, hata sauti tu, mimi sitamshtaki mtu. Sitaki kitu cha mtu. Nataka mama mkwe asikie siyo mimi. Nataka huyu akikua asiambiwe ni yeye na meno yake."

Pazia la jikoni likasogea. Bibi Yamna akaingia na sinia, birika na glasi mbili, siyo tatu. Akaweka moja mbele yangu, nyingine mbele yake. Mbele ya Izza hakuweka kitu. Akaketi, akaanza kumimina kutoka juu, chai ikatoa povu, na akasema bila kumtazama mkwewe, "Baba yako hajambo, binti? Mwambie mwanangu alikuwa akimsifu siku zote."

Izza hakuitazama glasi. Alinitazama mimi.

"Mwambie, Itto," akasema. "Yuko hapa. Mwambie ulichosikia."